Mama Aliyekuja Kuutaka Ukoga Wetu

Siku ile, kwenye kibaraza cha ofisi ya serikali ya mtaa, Manzese, tulikuwepo mimi. Wadogo zangu watatu, Salumu, Somoe na Hadija. Bi Zuhura, mwenye nyumba tuliyopanga. Mjumbe wetu, aliyekuja na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Akina mama wa mtaa na watoto wao, kwenye foleni iliyofika mpaka mtaroni. Na yeye, mama wa maabara, amekaa kwenye benchi na boksi la barafu kati ya miguu yake. Watoto walikuwa wamesuguliwa meno mpaka yanameta.

Tangazo lilisema anakuja mtaalamu wa mradi wa meno kutazama vinywa vya watoto. Basi tangu alfajiri mtaa mzima ulikuwa bombani. Wenye dawa ya meno walitumia dawa, wasiokuwa nayo walitumia mkaa na chumvi. Bi Zuhura aliwapanga watoto wa nyumba yake yote, akawasugua mmoja mmoja kama masufuria ya shughuli. Nani angempeleka mtoto mbele ya mgeni na mdomo mchafu?

Mama wa maabara alifungua mdomo wa kwanza, akapitisha kijiti chake chembamba chini ya ufizi, akakitazama. Akafungua wa pili. Alipofika wa nne alivua glovu.

"Nani kawaambia mpige mswaki?"

Mjumbe akasimama, maana ndiyo kazi yake. "Mama, sie ni waungwana. Mtu haji mbele ya mgeni hivihivi."

"Mie huo uchafu ndio nilioufuata! Nimetoka mbali, nimebeba barafu, nimekuja kuchukua ukoga, nyie mmeumwaga wote mtaroni!"

"Sasa mama, si ungesema?" Bi Zuhura akamjibu. "Tungekuwekea."

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Aliwaambia wote warudi kesho kutwa bila kugusa mswaki, na Bi Zuhura akaondoka akisema dunia imekwisha, daktari anaamuru watoto wanuke.

Ni mmoja tu ambaye hakuwa amesuguliwa. Somoe, mdogo wangu wa pili, alikuwa amejificha chooni wakati wa zamu yake, kwa sababu kila mswaki ulipomgusa alitoka damu. Alisimama nyuma yangu, ushungi umefunika mdomo. Mama wa maabara alikwishaanza kufunga boksi. Akamwona.

"Huyu wa ushungi. Njoo."

Akamfungua mdomo, akaweka kidole kwenye jino la mbele. Jino likacheza. Akaweka kwenye jino la nyuma, na lenyewe likacheza. Yalikuwa meno meupe, hayana hata tundu moja. Niliona uso wa yule mama ukibadilika, na tangu hapo hakumkaripia tena mtu yeyote siku ile.

Somoe alikuwa na miaka kumi na minne. Baba na mama walikuwa wametangulia, na mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikajifunza kuchomelea mageti na madirisha kwenye karakana za barabarani. Wadogo zangu walikuwa mikononi mwangu, sikuwa na wa kumkabidhi. Hospitali walikuwa wameshatuambia kwamba meno yanayocheza yang'olewe yote, ya mbele na ya nyuma, na yatakayofuata yang'olewe pia. Mtaani walisema ni ya kurithi, maana mama yetu naye alizikwa akiwa na meno ya kuhesabika. Wengine walisema mengine ambayo siwezi kuyaandika. Somoe aliacha kwenda kwenye kaswida, halafu akaacha kwenda shule, halafu akaacha kuzungumza mtu akiwa karibu. Alikuwa anaomba maji kwa kuonyesha kikombe. Ndiyo hali tuliyokuwa nayo yule mama alipokuja kwetu.

Watoto walimpa jina wiki ileile: Mama Ukoga. Sisi wakubwa tulimwita mama wa maabara, na mbele yake tulimwamkia shikamoo. Alikuwa anaitika "marahaba" akikutazama mdomoni. Hakuwa na desturi ya kumtazama mtu machoni. Ukizungumza naye, unamwona anafuata midomo yako inavyofunguka, na hujui kama anasikiliza unachosema au anakagua fizi. Siku moja, kwenye msiba wa jirani, mfiwa alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi. Mama wa maabara alimshika mkono kwa huruma, akamwambia pole sana mwanangu, na ukimaliza arobaini njoo unione, una usaha juu kushoto. Watu walimnunia mwezi mzima. Yule mfiwa alikwenda, akatibiwa, na bado alimnunia.

Hakuwa mtu mpole na sitamfanya mpole kwa kuwa namkumbuka. Alikuwa na maneno makali kwa akina mama waliowapa watoto peremende, na yeye mwenyewe alitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Nilimwona. Nikamuuliza.

"Mama, mbona wewe?"

"Mie nishazeeka, wapangaji wangu nawajua kwa sura."

Wapangaji ndilo neno lake. Hakupenda tuseme wadudu. Alisema mdomo wa mtu ni nyumba ya kupanga kama hizi zetu, vyumba vingi, uani pamoja. Wengi wa wanaokaa humo ni watu wa amani tu, wamezaliwa humo na watafia humo. Lakini yumo mpangaji mmoja ambaye akiingia haanzi na mlango, anaanza na msingi. Anachimba chini ya ufizi, na huko juu ukuta unabaki mweupe, kila mtu anasifu rangi, mpaka siku nyumba inapoanguka. Kazi yake ilikuwa kumtafuta huyo mmoja katikati ya maelfu, ndani ya ukoga usiozidi ncha ya sindano.

"Unamjuaje, na wote wamechanganyika?" nilimuuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza. Shule niliiacha, maswali sikuyaacha.

"Ukienda soko la Tandale asubuhi," akasema, "ukaita kwa nguvu 'Mama Asha!', watageuka wangapi?"

"Wengi."

"Zipo dawa za kupimia za namna hiyo. Unaita mmoja, wanageuka kumi, hujui uliyemtaka ni yupi. Sasa chukua mtoto mchanga, mkalishe palepale katikati, alie. Atageuka nani?"

"Mama yake."

"Mama yake tu. Soko zima litasikia kelele, yeye atasikia mwanawe. Hizi kingamwili zangu, hii dawa yangu ya kupimia, ndivyo zilivyo. Zote zimezalishwa kutoka kwenye seli moja, kwa hiyo zote zinalia sauti moja, na anageuka mmoja. Tunazitia rangi. Zikimpata zinamng'ang'ania, na ukitazama kwenye hadubini unamwona anawaka."

Nilielewa. Hata leo mtu akiniuliza nitamweleza hivyohivyo.

Tatizo la hizo kingamwili ni kwamba zilitoka nje ya nchi na zilitaka baridi wakati wote. Zikipata joto zinaharibika, na ukizitazama huwezi kujua kama zimeharibika. Kwa hiyo nusu ya maisha ya yule mama ilikuwa barafu. Alijua kila anayeuza barafu kuanzia Manzese mpaka Mwananyamala. Alikuwa anagombana nao kama mtu anayenunua dhahabu.

"Hii barafu ya lini?"

"Ya leo, mama."

"Ya leo ina mwezi mmoja? Ona ilivyo na ukungu. Mnaigandisha, inayeyuka, mnaigandisha tena."

"Mama, unataka barafu ya juisi au ya maiti?"

"Ya wazima, mwanangu. Nipe ya wazima."

Umeme ukikatika alikuwa anahamisha vichupa vyake kutoka friji ya maabara kwenda kwenye boksi, kutoka kwenye boksi kwenda kwa muuza samaki mwenye jenereta, huku amevikumbatia. Nilimwona siku moja amekaa kwenye ngazi za muuza samaki, koti jeupe limelowa maji ya samaki, na hataki mtu amsogelee.

Alikuwa pia anakosea, na alikuwa hapendi kukosea. Kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kushika ndugu, aliapa kwamba Salumu naye anao. Alimpitishia kijiti chini ya fizi kutafuta palipochimbwa, hakuona kitu. Akarudia tena. Akamwita mara nyingine akamkwangua mpaka Salumu akalalamika kwamba atamaliza na jino lenyewe. Hakuna. Mama wa maabara alimtazama kama mtu aliyemwibia.

"Wewe unafanya nini na mdomo wako?"

"Nakula tu, mama."

"Toka."

Salumu akatoka anacheka, na huko nje akaacha kucheka, kwa sababu dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi na kitambaa cha damu.

Ukoga wa Somoe ulichukuliwa tangu siku ya kwanza, lakini ulikaa kwenye kichupa bila kupimwa. Kingamwili alizokuja nazo ziliharibika kwenye katizo moja la umeme, na mzigo mwingine ulikuwa umekwama bandarini au uwanja wa ndege, kila siku jibu lilikuwa tofauti. Na daktari wa meno alikuwa amesema wazi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na foleni inayozunguka jengo. Alisema, "Ninavyoona mie ni kung'oa. Ila kama mna jibu la maabara linaloonyesha ni yule mdudu, nitajaribu kusafisha na dawa. Msichelewe, mfupa unaliwa."

Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda maabara kila asubuhi kabla ya kazi, na nisipokuwa na kazi nashinda huko. Nilikaa kwenye ngazi. Sikuwa na la kusema, sikuwa na la kutoa. Mama wa maabara alikuwa anapita na boksi lake.

"Umekuja tena?"

"Nimekuja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bado."

Hakuniambia kaa, wala hakuniambia ondoka. Nikirudi nyumbani Somoe alinitazama, mimi natikisa kichwa, yeye anarudi kulala akielekea ukutani. Jino moja la mbele lilidondoka kwenye uji. Hakulia. Alilitoa, akalifunga kwenye pindo la khanga, akaendelea kunywa uji. Hadija, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado anabadilisha meno ya utoto, akamwambia dada usiogope litaota jingine. Mimi nilitoka nje nikasimama uani, nikashika kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

Asubuhi moja yule mama alitoka mlangoni mwenyewe, bila boksi. "Wewe. Ingia. Vua viatu."

Chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa. Alinikalisha mbele ya hadubini, akanishika kisogo akanielekeza jicho. Mwanzo niliona weusi mtupu. Halafu, ndani ya ule weusi, vitone vya kijani, vidogo, vingi, vinawaka kama taa za mnara wa msikiti ukizitazama kutoka mbali. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Kilikuwa kizuri. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla mdogo wangu.

"Ndiye?" nikauliza.

"Ndiye. Kajaa tele." Sauti yake haikuwa ya furaha. Aliandika jibu kwa daktari, akanipa, akaniambia nikimbie. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa ameinama juu ya meza, ameshika kichupa kitupu, anakitazama kwenye mwanga wa mlango.

Daktari alisoma, akafanya alichoahidi. Walimsafisha Somoe chini ya fizi, sehemu kwa sehemu, na alikunywa vidonge vya aina mbili, vichungu, kwa siku zote alizoambiwa. Jino moja zaidi la mbele halikuokoka. Mengine yalishika. Leo anauza kwenye duka la vifaa vya shule na watu wanamwona anacheka, ana pengo la meno mawili na halifichi. Salumu anamtania kwamba mlango wa mbele uko wazi, wageni waingie. Somoe anamrushia peni.

Ningependa kuishia hapo.

Ule mradi ulifungwa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Siku moja nilipita nikaona hadubini imefunikwa shuka. Mama wa maabara alistaafu, akahamia Mbweni kwa binti yake, kwenye zile nyumba mpya ambazo bado zinanuka rangi. Miaka ikapita. Halafu Hadija, ambaye sasa ana umri aliokuwa nao Somoe, akaniambia kwa aibu kwamba akiuma muhogo jino la mbele linasogea.

Nilijua. Nikazima mashine ya kuchomelea nikaenda kumtafuta yule mama.

Nilimkuta amekaa nje, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya stuli. Nilimwamkia, akaitika. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kingamwili hakuna," akasema. "Maabara hakuna. Mie mwenyewe unaniona."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mrudishe kwa daktari yuleyule. Mwambie ni mdogo wake yule wa jibu la kijani. Keshamwona mmoja akapona, huyu wa pili hatasubiri maabara. Aanze kumsafisha kesho. Usingoje wiki."

Nikataka kuinuka, nikimbie. Akanishika mkono.

"Kaa. Kuna neno nataka ulijue, sitaki nife nalo peke yangu."

Nikakaa.

"Ile siku nilipompima Somoe, mzigo ulikuwa haujafika. Ulikuja baadaye sana, umeshaharibika. Kile nilichotumia kilikuwa mabaki yaliyonusurika umeme ulipokatika. Kipimo cha mtu mmoja, basi. Na vichupa vya ukoga vya watoto wenye meno yanayocheza vilikuwa viwili. Wa Somoe, na wa binti mmoja wa Tandale."

Alishusha mguu mmoja kutoka kwenye stuli.

"Wa Tandale ndiye aliyetangulia. Tulimchukua ukoga wiki moja kabla yenu. Zamu ilikuwa yake."

"Kwa nini hukumpima yeye?"

Alinitazama, na safari hii alinitazama machoni. "Kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale. Kila nikipita, upo. Mama yake alikuja mara moja, akauliza, hakuja tena siku zile. Alikuwa anauza bamia na nyanya chungu sokoni, hana wa kumwachia meza. Nikijiambia nifuate zamu, nakukuta mlangoni. Basi nikakupa wewe."

"Na yule binti?"

"Alirudi na mama yake baada ya mradi kufungwa. Nikawaambia bado. Sikuwa na neno jingine. Alikuwa na ushungi hivi." Akaweka kiganja mdomoni. "Jina sijui. Vichupa vilikuwa na namba, tulikatazwa kuandika majina."

Binti yake alileta chai. Nilikunywa kwa heshima. Siku zote nimekuwa nikijiambia kwamba mimi sikuwapa wadogo zangu mali wala elimu, lakini sikuwahi kuondoka mlangoni. Ndilo jambo moja nililojivunia. Na yule mama wa bamia hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Alikosa mtu wa kukaa mezani.

Hadija ameanza kusafishwa. Daktari alikubali, kama tulivyoambiwa. Kwa hiyo kile kipimo kimoja kimetibu wawili, na wote ni wa kwetu.

Tangu siku ile, nisipokuwa na kazi, nakwenda soko la Tandale. Naanzia upande wa mboga. Nauliza mama anayeuza bamia, ana binti, huenda sasa ni mama wa watu. Wananiuliza, "Fundi, anakudai?" Nasema ndiyo. Wananiuliza ni kiasi gani, nahamia meza inayofuata.

Somoe nilimwambia. Akachukua ushungi wake. "Twende wote, kaka. Meno ni yangu mie."

Tumekwenda mara nyingi, tumezunguka meza kwa meza, yeye upande huu na mimi ule. Nikimpata yule mama sijui nitamwambia nini, wala nitampa nini, maana dawa ile ya kupimia haipo tena nchini kwa ninavyojua mimi, na mfupa ukishaliwa haurudi. Lakini lazima ajue kwamba zamu ilikuwa ya mwanawe, na ni nani aliyeichukua.

Bado hatujampata.